Kidole Nilichokunyima

Magwagwa
Sabato, alasiri, Agosti 1979

Kemunto mwanangu,

Sanduku lako la safari ya ng'ambo liko wazi juu ya kitanda, tupu, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa mpaka jua lizame. Kama mjomba wako angelileta Alhamisi alivyoahidi, tungekuwa tumelipanga jana kabla ya Sabato kuingia. Lakini barabara ya kutoka Kisii ilikuwa tope tupu, akafika nalo kichwani jana jioni, taa zimeshawashwa na mama yako amekwisha kufunga kazi zote. Kwa hiyo leo tunakaa. Wewe na mama yako mmerudi kanisani kwa kipindi cha alasiri, mimi nimesingizia goti. Goti haliniumi. Tangu mtoke nimezunguka nyumba mara nne, nimekwenda mpaka kwenye majani chai nikarudi, nimefungua dirisha nikalifunga. Mama yako kabla ya kuondoka aliweka kalamu na karatasi mezani, akatoka. Anajua ninachotakiwa kuandika. Amekingoja miaka kumi na tisa.

Sitakuandikia habari za soksi za sufu, wala chakula, wala watu wa kuwaepuka. Hayo mama yako atakupa jioni mpaka masikio yakuume, na wazee wa kanisa wataongeza yao wakija kuimba. Mimi nina jambo moja tu. Ni jambo ambalo panya watakuambia nisipokuambia mimi, na nimegundua kwamba siwezi kuvumilia ulisikie kwa panya kwanza.

Naandika kwa Kiswahili nawe utacheka, maana nyumbani hatukisemi ila mgeni akija. Lakini kuandika nilijifunzia kazini, na kazini tulitumia Kiswahili. Tena kwa Kigusii maneno haya yananikaa karibu mno. Nikiyaandika hivi nayaona mbali kidogo, utadhani yanamhusu jirani.

Ile barua ya profesa wako nimeisoma mara nyingi kuliko wewe, hata yale maneno nisiyoyajua. Anasema utasoma darasani, na baada ya masomo utasaidia katika nyumba yao ya panya. Wana koo za panya wenye kasoro moja ya urithi, jeni moja iliyoharibika, na kasoro hiyo haiwagusi mahali pengine popote. Wanakula, wanakimbia, wananenepa, ila madume hawazai. Wanawapasua na kuzitazama korodani hatua kwa hatua, ili waijue kazi ya ile jeni kwa kuona kilichokosekana. Akaongeza kwamba siku hizi wako wanaojaribu kuingiza urithi wa kigeni katika mimba ya panya ingali ndogo kuliko punje ya mchanga, ili siku moja mtu aweze kuitengeneza kasoro mwenyewe badala ya kungoja itokee. Mwalimu wako alipotufasiria hapo, wazee walitikisa vichwa. Mimi sikutikisa. Nilikuwa nimekwama nyuma, kwenye madume wasiozaa, nikamwomba arudie nikijifanya sikusikia.

Watu wanasema ulipenda panya kwa sababu ya hadithi zangu. Ni kweli. Ulikuwa huli ugali mpaka nikusimulie za panya weupe wa Nairobi. Lakini hadithi zile zote nilizikata mikia, Kemunto. Leo nakuletea mikia yake.

Nilipoajiriwa kwenye kile kituo cha utafiti nje ya Nairobi nilikuwa kijana niliyeishia darasa la sita, mwenye maringo ya kutosha watu watatu. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza panya: kubadili maranda vizimbani, kutia maji, kutia chakula, na kujaza kadi. Kila kizimba kilikuwa na kadi yake. Dume yupi, jike yupi, walikutanishwa lini, jike amezaa lini, vitoto wangapi. Panya hubeba mimba kwa siku ishirini hivi, kwa hiyo kadi haikukubali uongo. Mkubwa wetu alikuwa daktari mmoja Mzungu, mfupi, asiyependa kelele, na alikuwa na sheria moja ambayo alitufundisha kwa Kiswahili chake kilichovunjika: dume kwanza. Maana yake, jozi isipozaa usiharakishe kumtupa jike. Mtoe yule dume, umpeleke kwa jike mwingine ambaye amewahi kuzaa. Huyo naye asipopata mimba, basi umempata mwenye kasoro. Sisi watunzaji tulikuwa tunasalimiana hivyo asubuhi kwa mzaha. Dume kwanza, bwana. Dume kwanza.

Miaka mitano ya kwanza nilijaza kadi hizo. Nimewatoa madume wengi kwa mkono wangu huu. Na wakati huohuo nyumbani nilikuwa na mke asiyepata mtoto, na haikunijia kichwani hata siku moja kwamba sheria ile inanihusu. Nyani haoni kundule.

Mama yako nilimwoa kwa ng'ombe walioletwa shangazi yako alipoolewa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, dada akienda, ng'ombe wake humletea kaka mke. Nilikuwa nakuja likizo mara moja kwa mwaka, wiki tatu. Mwaka wa kwanza watu walitania. Wa pili walituombea. Wa tatu wanawake wakawa wananyamaza mama yako akifika kisimani. Mimi nikamletea mizizi kutoka kwa mganga, mimi Msabato niliyebatizwa mtoni mchana kweupe. Aliichemsha, akanywa, akatapika, akanywa tena. Ilikuwa michungu hata harufu yake ilikaa kwenye blanketi. Mwaka wa nne nikaanza kupita boma moja kule Nyaramba kumtazama msichana wa kuwa mke wa pili, na mama yako akajua, kwa sababu hakuna asiyejulishwa jambo la namna hiyo.

Hapo ndipo nyanya yako, mama yangu mzazi, aliponiita jikoni. Alikuwa ameketi chini akipukuchua maharagwe, akaniambia nimweleze kazi yangu ya Nairobi, kwamba hajawahi kuielewa sawasawa. Mimi mjinga nikafurahi. Nikamweleza vizimba, kadi, siku za mimba, vitoto wanavyozaliwa wekundu bila nywele. Akauliza yule asiyezaa hufanywaje. Nikamwambia tunajaribu kwanza tujue mwenye kasoro ni yupi.

"Na mnaanza na yupi?" akauliza.

"Na dume."

Aliendelea na maharagwe yake, moja baada ya jingine, wala hakuniinulia macho. Nilisimama pale mpaka nikaelewa, na nilipoelewa nilitoka nikapiga teke debe la maji. Likizo yangu ilikuwa imebaki siku kumi. Niliondoka kesho yake asubuhi.

Nimerudi mezani. Ng'ombe alikuwa ameng'oa kigingi, yuko kwenye mihogo ya jirani. Nimemfunga, nimeketi, nimesimama tena kuhakikisha nimemfunga. Jua bado liko juu ya migomba. Sijui nataka liharakishe au lingoje.

Niendelee. Kazini tulikuwa na hadubini. Daktari alikuwa akiitumia kuangalia mbegu za madume, na alikuwa amenionyesha zaidi ya mara moja, kwa sababu nilikuwa mdadisi. Mbegu za panya mzima ukizitazama zinakimbizana, huwezi kuzihesabu. Jumapili moja, watu wote wameondoka, nilijitazama mwenyewe. Wewe ni binti yangu na sitakuandikia zaidi ya hapo. Nilitazama mara tatu, Jumapili tatu mbalimbali. Hapakuwa na kitu kinachokimbia. Hapakuwa na kitu kabisa. Nikakumbuka matubwitubwi niliyougua nikiwa na miaka kumi na mitano, yaliyonivimbisha pote, siyo mashavuni tu.

Sasa sikiliza, kwa maana kosa langu haliko hapo. Kutokuwa na mbegu si kosa, ni kasoro, na kasoro mtu hajipangii. Kosa langu ni kwamba nilijua, nikanyamaza. Nilirudi likizo iliyofuata nikiwa nimejua. Nikamkuta mama yako anachemsha mizizi. Nikamwona anainua kibuyu, anafumba macho, anakunywa. Ningeweza kukishika kile kibuyu. Nilisema maneno gani? Nilimwambia asisahau kunywa ya jioni. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hilo ndilo linalonitoa kitandani usiku. Wenye Kiswahili chao husema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha, na wala sikuzaa, na aliyelipa ni mwenzangu.

Nilirejea kazini. Mwaka ukapita, nikaja tena likizo. Mama yako alitoka nje kunipokea na tumbo lake lilikuwa limetangulia mbele. Mimba ya miezi sita, na mimi nilikuwa mbali miezi kumi na miwili. Hata mtu asiyejua kadi angehesabu.

Nilikaa siku mbili. Sikupigana, sikupiga kelele, ingekuwa afadhali kama ningepiga. Nilikula bila kumtazama mtu. Siku ya pili nyanya yako akanifuata nyuma ya ghala. Akaniambia kwamba yeye ndiye aliyepanga, kwa desturi ya zamani ambayo haisemwi kanisani, kwamba mwanamume akishindwa, wazee humtafutia mkewe mtu kwa siri ili jina la mume lisife. Akasema hawakutoka nje ya ukoo wetu. Akasema mama yako alikataa mara mbili, akakubali ya tatu.

"Mtoto ni wa ng'ombe," akaniambia. "Na ng'ombe walitoka boma hili. Wewe nenda kafikirie."

Nilikwenda, ila sikufikiri. Nilirudi kwa panya wangu na kwa miezi kumi na moja sikutuma barua, sikutuma salamu. Ulizaliwa sipo. Ulipewa jina sipo. Nyanya yako ndiye aliyekuita Kemunto. Uliugua kifua ukiwa na miezi mitatu, mama yako akakubeba mgongoni kwa miguu mpaka hospitali ya Kisii, na aliyemsindikiza si mimi. Watu walipouliza baba yako yuko wapi, mama yako alisema kazi imembana. Alinifichia aibu yangu tena, mara ya pili.

Ukitaka kujua nini kilichonirudisha, si mahubiri. Ni kazi. Asubuhi moja nilikuta jike amekufa kizimbani, ameacha vitoto saba, wadogo kama maharagwe. Kazi yetu ilikuwa kuwahamishia kwa jike mwingine mwenye kunyonyesha. Watakufundisha huko, lakini acha nikufundishe mimi kwanza. Huwatupii tu, maana atawatafuna. Unamwondoa yule mama kwa muda mfupi, unachukua maranda ya kiota chake, yale machafu yenye harufu yake, unawapaka vitoto wageni taratibu mpaka wanukie nyumba ile. Unawachanganya na wake. Ndipo unamrudisha.

Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi hata siwezi kuzikumbuka. Siku hiyo sijui kwa nini niliketi nikamtazama. Aliingia, akanusa wa kwanza, akanusa wa pili. Akanusa wote. Halafu akaanza kuwalamba, wake na wasio wake, kisha akawalalia wote. Nami nilikuwa nimeishika kadi mkononi, kadi inayosema yupi katoka wapi, na yeye hakuwa na haja nayo. Nililia pale, Kemunto. Mwenzangu alidhani ni vumbi la maranda. Saa nne nikaenda kumwomba daktari ruhusa.

Hadithi ya fulana unaijua. Ulikuwa unaipenda kuliko zote, ya jinsi nilivyokuja nyumbani ukiwa na miezi minane, ukaniogopa ukalia siku tatu, na mimi nikavua fulana yangu yenye jasho la safari nikamwomba mama yako akulalishe juu yake. Mama yako akadhani nimerukwa na akili. Siku ya tatu ya fulana ukatambaa mwenyewe mpaka miguuni pangu ukaishika suruali yangu. Nilikuwa nakuambia kwamba uliniogopa kwa sababu kazi iliniweka mbali. Sasa unajua mkia wa hadithi ile. Nilikuwa nakupaka harufu yangu, kwa sababu sikujua njia nyingine, na panya ndio pekee walionifundisha.

Usiku wa safari hiyo mama yako aliniuliza swali moja.

"Ulijua lini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilijua tangu mwaka uliotangulia mimba yako, kabla ya kibuyu kile cha mwisho.

"Mwaka mzima nikanywa," akasema, "na wewe unajua."

Hakuongea nami tena mpaka likizo ikaisha. Chakula aliweka, maji ya kuoga aliweka, maneno hakuweka. Sijui kama amenisamehe. Tunasali pamoja, tunacheka, umetuona. Lakini umewahi kuona kwamba mama yako hanywi kitu kichungu kikipita mkononi mwangu? Hata dawa ya malaria huiendea mwenyewe kabatini. Ulikuwa unafikiri ni ukaidi wake.

Jina la mtu huyo silijui. Nyanya yako alikufa nalo, na mama yako sijawahi kumwuliza. Nimekutana na wanaume wa ukoo wetu mazishini na harusini miaka kumi na tisa, na kuna siku nimejikuta natazama masikio ya watu. Hilo nalo nakuungamia. Ukitaka kumwuliza mama yako kabla ya kuondoka, muulize, ni haki yako. Mimi nitakwenda kuangalia ng'ombe mpaka mmalize.

Baada ya hapo walinishauri nioe wa pili, nipate mvulana. Ndugu zangu walisema, hata mzee mmoja wa kanisa alinong'ona. Mtoto mmoja, tena msichana, shamba hili atarithi nani? Nikakataa, wakasema mama yako amenilisha dawa. Niliwaacha waseme. Mara hii niliona ni zamu yangu kusemwa. Pwani wana msemo kwamba kitanda hakizai haramu, na mimi niliusikia kwa mtunzaji mwenzangu wa Mombasa nikaukumbatia, kwa sababu unafanana na ule wa nyanya yako wa ng'ombe. Watu wawili wasiojuana walikuwa wameona jambo lilelile. Uhuru ulipofika na kilimo cha majani chai kikafunguliwa kwetu wenye mashamba madogo, niliacha kazi ya panya nikaja kukaa. Nilitaka kuwa hapa ukipoteza meno ya utoto.

Sasa nifike kwenye kidole.

Agosti ya mwaka jana ulikuja kutoka shuleni na vioo vyako vidogo vya maabara, na sindano ndogo, na zile chupa mbili za dawa alizokupa mwalimu wa bayolojia. Ulikuwa na furaha. Ulitaka kutupima damu sisi sote uandike kwenye daftari lako. Ulijipima mwenyewe mbele yetu, kundi la B. Ukampima mama yako, O. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiona mama yako anakunyooshea kidole, na macho yake yakanitazama mimi. Mimi damu yangu naijua. Walitupima kazini sote, tuliombwa damu mara kwa mara. Ni O. Na nilikuwa nimesikia madaktari wakizungumza vya kutosha kujua kwamba O na O hawazai B.

Ukanigeukia. "Tata, nipe kidole," ukasema, ukiniita baba kwa lugha yetu kama siku zote.

Nikakufokea. Nilisema shule inakufundisha uchawi, nilisema damu ya mtu si ya kuchezea, nilisema maneno ya mtu asiyewahi kuiona hadubini, mimi niliyekusimulia habari zake toka utotoni. Ukaniambia, "Ni tone moja tu, Tata." Nikatoka. Niliporudi ulikuwa umekwisha kuviosha vioo na kuvificha. Chakula hukula. Kesho yake uliniamkia kwa adabu kama kawaida, na tangu siku hiyo hujaniuliza tena kitu chochote cha damu, wala cha panya. Mtoto akiacha kuuliza ama amepata jibu ama ameliogopa. Nimeamka nalo mwaka mzima hilo, nikikutazama unavyonikamulia ng'ombe, unavyonisomea barua ya profesa, nikijiuliza anajua, hajui, anajua. Kila nilipofungua mdomo nilisema habari ya mvua.

Nakuambia sasa kwa sababu huko unakokwenda watakupa kadi. Watakuonyesha ukoo wa panya wasiozaa, na wewe utauliza, kwa vile nakujua, ukoo wa wasiozaa unaendeleaje? Watakujibu kwamba unaendelezwa na ndugu zao. Dume mwenye kasoro ana ndugu mzima wa tumbo moja, na huyo ndiye anayezaa, na jina la ukoo kwenye kadi halibadiliki. Mimi nilicheka peke yangu mwalimu aliponieleza hivyo. Wasomi wamejenga nyumba ya mawe na mashine za gharama kufanya jambo ambalo nyanya yako alilifanya akipukuchua maharagwe. Nikaacha kucheka nilipofikiria kwamba utakuwa umesimama pale peke yako, na koti jeupe, baridi nje, ukilielewa mara moja, na mimi niko huku navuna chai.

Sina ushauri mkubwa. Utakapomtoa dume mbovu kwenye kizimba, mtoe kwa upole, hajui alilokosa. Na ukiona kitu kwenye hadubini, kiandike siku hiyohiyo na umwambie anayekihusu, hata kama kinakuhusu wewe. Mimi nilichelewa miaka miwili kwa mama yako na miaka kumi na tisa kwako. Hayo tu ndiyo ninayoyajua kwa hakika, mengine nakisia.

Nasikia kanisani wanaimba wimbo wa kufunga. Mtafika baada ya nusu saa, mkipita njia ya juu. Nimesimama tena, barua hii naimalizia juu ya kabati, usicheke mwandiko.

Nitaiweka sandukuni kabla jua halijazama. Najua ni Sabato, Mungu ataliandika kosa hili pamoja na mengine yangu. Mtakapoanza kupakia, itakuwa kitu cha kwanza utakachokiona. Mama yako atakuacha uisome peke yako. Mimi nitakuwa nje, kwenye pipa la maji. Nimenawa mikono kwa sabuni, mara mbili, mpaka viwiko, kama tulivyokuwa tunanawa kazini.

Sindano zako ziko kwenye mkebe wa kahawa juu ya dari, nyuma ya Biblia ya nyanya yako. Nilijua siku zote zilipo. Dawa zile najua zimekwisha nguvu, na hazihitajiki, jibu unalo hapo juu. Kidole ndicho nilichokunyima. Njoo ukichome, uchukue tone lako uende nalo popote.

Barua zote nilizokuandikia shuleni niliweka chini neno moja, Tata. Leo nimeliandika nikalifuta, ukishika karatasi utaona mahali ilipochubuka. Nafasi hiyo nimeiacha wazi. Ukija pipani, niite utakavyoniita. Nitaitika.